Kompyuta Ilikesha Nikilala, Sasa Mwenzangu Anafukuzwa Kazi

Shangazi Jerono, salamu kutoka Kapsoya. Naomba msaada, na kama una kikombe cha chai mkononi kiweke chini kwanza.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, jina usichapishe, nafanya kazi ya kompyuta katika mradi mmoja hapa Eldoret unaofuatilia wagonjwa wa presha, wengi wao wakiwa watu waliohamahama tangu zile fujo za uchaguzi. Kila jioni kliniki zetu nne zinatuma majina ya waliochukua dawa, na mimi nilikuwa nakaa ofisini mpaka usiku wa manane nikiunganisha mafaili kwenye programu ya takwimu, amri moja baada ya nyingine, ili asubuhi orodha ya waliokosa dawa iwe tayari na wenzetu wanaozunguka manyumbani waende kuwauliza kuna nini. Sasa Shangazi, mtu huchoka, nikaandika zile amri zote katika faili moja, nikaiambia kompyuta iifungue yenyewe saa nane usiku, iunganishe, ichapishe, nami nikaenda zangu nyumbani kulala kama mtoto aliyenyonya, na kwa miezi saba bosi wetu Madam Apiyo akawa anadhani nakesha, akaniruhusu niingie kazini saa nne, na kwenye mkutano wa wafanyakazi akanisimamisha nipigiwe makofi, nikasimama, hata nikapiga miayo kidogo ili ionekane.

Shida ni kwamba programu ilikuwa inakwama ikipata kosa lolote, kwa hivyo nikaiwekea amri ipuuze makosa iendelee tu. Mwezi jana mtandao ukakatika siku tatu, mafaili mapya hayakuingia, na ile programu badala ya kusimama ikachukua ya zamani, ikaweka tarehe mpya juu, ikachapisha orodha ileile kila asubuhi. Wagonjwa wengine walicheka tu, wakadhani tumependa chai yao. Lakini kulikuwa na Mzee Gathogo, ambaye nyumba yake ya Ainabkoi ilichomwa mwaka ule wa fujo na sasa amepanga chumba mtaa wa West Indies hapa mjini. Alikosa dawa Jumatatu kwa sababu ya mazishi. Mwenzetu wa kuzunguka huko, nitamwita Kimeli, akabisha Jumanne, na mzee akaenda kuchukua dawa siku hiyohiyo. Jumatano jina likarudi, Kimeli akabisha tena. Alhamisi akanipigia simu nikiwa kitandani.

"Bwana, huyu mzee nimemwona jana na juzi, na dawa amenionyesha. Una uhakika na hii karatasi?"

"Mimi nimekesha nikiitengeneza hiyo orodha," nikamjibu nikiwa chini ya blanketi. "Enda tu."

Akaenda. Kimeli ni Mkalenjin, mimi na mzee ni Wakikuyu, na katika fujo zile ni makabila haya mawili yaliyopigana huku kwetu. Mzee kuona kijana yuleyule mlangoni mara ya tatu, ana karatasi, anauliza jina lake, akatokea mlango wa nyuma akakimbilia kanisani, na mpaka leo analala huko. Alimwambia pasta, "Hata ile mara ingine walianza na karatasi ya majina."

Sasa mtaa wote unasema Kimeli anatisha watu ili wahame. Amesimamishwa kazi, na Jumatatu ijayo anaitwa mbele ya kamati. Programu niliirekebisha kimyakimya. Watu wa kwetu wananiambia, "Si tulijua tu, hao watu," nami natingisha kichwa, na Kimeli huyohuyo ndiye aliyeyaficha makochi ya mama yangu kwao fujo zilipoanza, akayarudisha yote, pamoja na mto mmoja wa ziada ambao hatujui ni wa nani. Nikisema ukweli nitafukuzwa na kuchekwa. Nikinyamaza, usingizi hauji. Nifanye nini?

Asiyelala, Kapsoya

*

Asiyelala,

Pole. Hiyo ndiyo pole ya pekee utakayopata hapa, itumie vizuri.

Kuiachia mashine kazi ya usiku si dhambi, ni akili. Ungemwambia Madam Apiyo siku ya kwanza, makofi yangekuwa yako kihalali na ungelala vilevile. Dhambi ni ile miayo. Uliifundisha kompyuta kunyamazia makosa, halafu Kimeli, mtu mwenye macho, alipokuambia kuna kosa, ukamnyamazisha yeye pia. Sasa unaniuliza kama unyamaze. Kijana, tangu lini umefanya kitu kingine?

Na usijifiche nyuma ya mtandao. Mtandao hukatika, hii ni Kenya. Lakini miaka miwili iliyopita watu walikufa katika mji huu kwa maneno ambayo mtu fulani alijua ni uongo, akaona si kazi yake kuyakanusha. Ukitingisha kichwa watu wakisema "hao watu," unajua sana unachofanya.

Kamati usiingoje. Kesho saa mbili, si saa nne, uwe mlangoni pa Madam Apiyo na zile orodha tatu. Omba Kimeli aitwe asikie kwa masikio yake. Usianze na "kulikuwa na shida ya mtandao." Anza na "mimi." Programu iache iendelee kukesha, lakini iambie isimame na kupiga kelele ikikosa mafaili mapya, na kila asubuhi mtu aisome orodha kabla haijatoka mlangoni. Halafu uende kwa mzee, mikono mitupu, bila karatasi hata ya kufungia mandazi. Akikufukuza, rudi kesho yake.

Wasomaji wangu, haya yote nilimwambia kijana huyu kwa simu kabla ya kuchapisha, maana Jumatatu haingojei gazeti, na leo amenipa ruhusa niwaambie yaliyotokea. Kimeli amerudishwa kazini. Msinziaji wetu ametolewa kwenye kompyuta na atazunguka manyumbani kwa miguu miezi mitatu. Walienda kanisani wote wawili. Mzee Gathogo akawasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa ananitafuta? Ni mashine tu?"

"Ni mashine, Mzee," Kimeli akasema.

"Na mimi," kijana akaongeza.

"Na hiyo mashine," mzee akauliza, "ni ya kabila gani?"

Kimeli ndiye aliyecheka kwanza.

Shangazi Jerono