Divai ya Kahawia

Faida, mujukuu wangu,

Huku Kalemie tuko wazima, na mama yako anakusalimia. Unauliza, huko hotelini Lisboa, utajuaje kama divai ya Porto ya zamani ni nzuri.

Siku ya kuposwa kwangu, wakwe walileta chupa moja ya hiyo Porto. Ilipomiminwa, ilikuwa ya kahawia, si nyekundu. Papa yangu akasukuma glasi: "Mumetuletea divai iliyoharibika."

Wakwe wakaanza kusimama ili waende zao. Nikaichukua ile glasi, nikanusa; haikuwa na harufu ya siki. Nikaonja kidogo, nikangoja. Ikaja ladha ya karanga za kukaanga, kisha asali, na utamu ukakaa kinywani.

"Papa, haijaharibika. Imezeeka tu. Onja polepole."

Akaonja, kisha akamusogezea baba mukwe wangu kiti.

Usiangalie sana rangi, mama. Mimi nilipongoja ladha ije, njo nikamupata babu yako.

Mungu akutunze huko,
Bibi yako