Wasiwasi Uliobaki

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikitumaini hamjambo. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua. Mimi nipo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ukiniuliza kama nimepona, najibu ndiyo ili yaishe.

Ule ugonjwa wa kupanda na kushuka umetulia kweli. Sichangamki tena hadi kukata jora zima la mteja na kushona magauni ambayo hakuna aliyeyaagiza, wala sishindi kitandani nimeupa ukuta uso. Vidonge nameza. Basi bosi wetu, tunayemwita Bi Mkasi, akanirudisha kwenye meza ya kukatia.

Nikashindwa, kaka. Napima kitambaa, napima tena, moyo unanienda mbio, naona kila mtu anasubiri niharibu. Bi Mkasi akaniambia kitambaa hakiumi. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikajifungia chooni mpaka wakaja kugonga. Baadaye hata kutoka nyumbani kukanishinda. Usingizi ukapaa, na nikikosa usingizi, unajua mwenyewe, ule ugonjwa mkubwa hauko mbali.

Mama akanisindikiza kwa daktari. Nilidhani atanibadilishia vidonge tu. Yeye akauliza nini kinanitisha, akaweka kalamu chini anisikilize. Nilipomaliza, akaeleza kwamba huu wasiwasi ni ugonjwa wa pili, umejibanza nyuma ya ule wa kwanza, na usipotibiwa nao, kupona kwangu kutazidi kuchelewa. Si uvivu wala deko.

Hapo Mama akaanza kulia. Akasema, "Daktari, na mimi moyo hunienda hivyohivyo."

Kumbe tangu Baba afariki hajawahi kwenda sokoni peke yake. Sisi tulisema anapenda kusindikizwa. Wewe ukimtania kwamba ni malkia. Miaka yote hiyo alikuwa anaogopa, na bado alinishika mkono kila nilipopanda na kila nilipoporomoka.

Sasa tunahudhuria kliniki sote wawili. Zoezi letu ni kutembea hadi duka la kona na kurudi. Jana tulifika, tukasahau tulichotaka kununua, Mama akacheka mpaka akaketi kizingitini. Kazini Bi Mkasi amesema nianze na vifungo, tutaona. Nimechoka, kaka, sikufichi.

Ukipiga simu, usituulize kama tumepona. Tuulize leo tumefika wapi.

Msalimie sana wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa familia