Ulipoanguka Mbele ya Jeneza la Bibi

Mume wangu, Baba Rehema,

Hapa Mombasa nimesoma kitabu cha maradhi ya usingizi mpaka jalada limelegea, na sasa naweza kukueleza hali yako vizuri kuliko yule daktari aliyetuchorea ubongo nyuma ya bahasha. Usingizi humchukua mtu kwa hatua: mwepesi, kisha mzito, kisha ule wa ndoto, ambao hulegeza mwili wote ili mtu asitimue kweli mbio anazoziota. Kwako wewe hatua hizo zilivurugika. Usingizi ulikuvamia mchana bila hodi, na ule ulegevu wa ndoto ulikujia ukiwa macho kabisa, kila ulipocheka kwa dhati. Ulianguka kama kanzu iliyoteleza kwenye kamba, lakini akili ilibaki palepale, ikisikia kila neno.

Enzi zile za Ujamaa, pale Mabibo, hatukuwa na jina la jambo hilo. Wachongaji wenzako mliotoka nao kusini walikuita Popo. Kwenye mikutano ya tawi la chama ulilala umeshika kidevu, na mwenyekiti akakusifu: "Mwigeni ndugu huyu, anatafakari."

Baba yangu hakudanganyika. Mshenga wako alipokuja Chanika kuniposa, alimwambia, "Kijana anasinzia na patasi mkononi! Mwanangu atakula usingizi?" Akaahidi kujibu baada ya mavuno, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kuvuna. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba nisipoolewa na wewe siolewi, ila hakuna aliyeniuliza.

Mpunga haujaiva, bibi mzaa baba akafariki. Ukaja mazikoni na kanzu ya kuazima, ukasimama karibu na baba. Nilikuwa dirishani na wanawake. Wewe na mimi tulijua kwamba siku hiyo unapimwa.

Basi akatokea Maganga, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, mwenye haki yake ya kufanya vituko msibani. Akajifunga khanga ya marehemu, akajilaza kizingitini jeneza lisitoke, akaiga sauti ya bibi, ileile ya puani: "Siendi! Kwanza niambieni, huko sukari ipo, au nako ni foleni?"

Nikaona mabega yako yanatikisika. Nikaomba, Mola wangu, asicheke. Ukaanguka.

Wanawake wakapiga yowe. Baba akachutama kando yako, akakupepea kwa kofia yake, machozi yakimtoka.

"Jamani, kijana huyu ana moyo! Wajukuu wenyewe wamesimama wanatafuna karanga, huyu kazimia kwa uchungu! Nami nilimdhania mvivu. Mshenga yuko wapi? Nimempa!"

Ulikuwa unasikia yote. Ungenyamaza tu, ningekuwa mkeo bila swali zaidi. Badala yake ukafumbua macho.

"Shikamoo mzee. Mie sikuzimia. Nilicheka."

Baba akaacha kupepea.

"Umemcheka mama'ngu?"

"Nimemcheka Maganga, mzee. Nikicheka naanguka."

"Muongo huyo!" Maganga akadakia kutoka kizingitini. "Mie nachekesha misiba toka ukoloni, hajaanguka hata mmoja!"

Baba akamtazama. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ya sukari. Rudia."

Maganga akakaza khanga, akajilaza upya. "Siendi! Kwanza niambieni, huko sukari..."

Hakufika kwenye foleni. Ulikuwa umeshalala miguuni pa baba, na baba, ambaye hakuwa ametabasamu tangu mama yake aanze kuugua, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Mwambieni mshenga nimempa tena," akasema akijifuta macho. "Mkwe wa namna hii hata akitaka kunificha jambo, magoti yatamchongea."

Katika ndoa yetu nilizoea kukushika kiwiko kwanza, ndipo nikusimulie jambo la kuchekesha. Majirani walidhani ni mahaba. Yalikuwa mahaba pia.

Tangu uondoke, usingizi umenihama mimi. Nalala kidogo, naamka, nasoma. Na juzi, tukiwa tunasubiri dawa hospitali, mtu mmoja akatoa mzaha mzuri, mkono wangu ukamdaka kiwiko kijana aliyekuwa amesimama upande wako.

"Bibi, waanguka?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nikamwachia polepole.

Lala salama, mume wangu. Cheka utakavyo, hapo ulipo huna pa kuangukia.

Mkeo,
Mama Rehema