Mizinga ya Babu na Barua Yangu Isiyo na Muhuri

Dar es Salaam, chuoni

Baba yangu, shikamoo.

Miguu inasemaje? Na mvua imewakumbuka huko Haneti, au bado mnatazamana na mbingu? Mimi mzima, nimenenepa, navaa suti ya mtumba ambayo waziri aliikosa kwa bahati mbaya tu.

Baba, barua ya Dada Esta nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Anasema askari wa misitu walikukuta mlimani ukirina asali, wakakudai kibali. Wenzako wanacho, walijiandikisha siku maofisa walipokuja kuuliza nani ana chake mlimani. Wewe ukatoa barua yangu mfukoni.

"Someni! Mwanangu anafundisha sheria za misitu chuo kikuu."

"Mzee, hii hata muhuri haina!" Wakacheka, wakaishusha mizinga, wakaipasua kwa shoka, na alama ya babu juu yake.

Mimi ndiye niliyekukataza kuiandikisha. Nilimsikia mwalimu mmoja, mama wa kutoka Kondoa, akiwaambia wanafunzi kwamba sheria inaitambua mila. Nikakimbilia kalamu: Baba, kaa kimya, ukiandika jina umekubali mlima ni wao! Jana nilimpelekea barua ya Esta. Akavua miwani.

"Siku ile ulikuwepo darasani?"

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Basi uliondoka mapema. Nilisema pia kwamba mwenye mila lazima ajitokeze aseme, kabla mlima haujatangazwa kuwa hifadhi."

Kweli niliondoka. Chai ilikuwa jikoni.

Baba, mimi si mwalimu. Napika chai ya walimu, nafuta ubao, nasikilizia mlangoni. Elimu yangu ni ile ile ya darasa la saba uliyoilipia kwa asali. Ya ofisi yangu na wanafunzi wangu niliyatunga, ili Mama apate la kusimulia bombani.

Mwalimu anasema inawezekana kuomba upya, uende mwenyewe ofisi ya misitu ukaonyeshe miti uliyotundika mizinga. Lakini Esta anasema umegoma: huendi mpaka mwanao mwalimu afike.

Nisalimie Mama, na mjomba fundi baiskeli, na mama mdogo wa kwaya. Esta asilaumiwe kwa kuniandikia.

Ijumaa napanda basi na barua ya mwalimu wa kweli. Usimsubiri yule mwingine, Baba. Hayupo. Ninakuja mimi tu.

Mwanao,
Yona