Nilivyomsamehe Zaina Kabla ya Ubatizo

Kabambare, tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa Mama mdogo Yvette,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo na kwa niaba ya nyumba nzima. Hujambo huko Kindu? Mguu wako uliokuwa ukivimba unaendeleaje? Papa Élysée hajambo? Na mtoto Arlette, ameanza kusimama? Sisi tuko wazima. Papa alikuwa na homa, ikapita. Mama anakohoa kidogo asubuhi. Yeye anasema ni moshi wa jikoni tu.

Mvua haijatuacha. Barabara imeharibika hata Dady, mwendesha pikipiki wetu, anasema siku hizi pikipiki ndiyo inayompanda yeye. Ataifikisha barua hii Kasongo, kisha ataikabidhi kwa dereva wa lori la Kindu. Nimeifunga katika mfuko wa plastiki. Ikikufikia imelowa, unisamehe.

Shuleni naendelea vizuri. Hesabu bado zinanisumbua, Kifaransa hapana.

Sasa swali lako. Katika ujumbe wa sauti uliotuma kwenye simu ya Papa uliniuliza: "Laetitia, sasa umekomaa kiroho, ama ungali unanyonya?" Papa alicheka sana. Jibu sina hata leo, na ndiyo sababu nakuandikia.

Jumapili ya wiki ijayo kuna ubatizo mtoni, nami ni mmoja wa watakaobatizwa. Mwalimu Octave, anayeongoza darasa letu la ubatizo, ametufundisha vizuri. Anasema mtu anayekomaa katika imani haingii majini akiwa na neno moyoni juu ya mwenzake. Kila mmoja wetu lazima aende kwanza kutengeneza mambo na jirani yake. Wewe unajua, kanisa letu lilifanya hivyo hata wakati wako.

Mimi nilikuwa na neno moyoni. Unamkumbuka Zaina, binti wa Papa Kamaldine mwenye duka, jirani yetu. Wao ni Waislamu, lakini mimi na Zaina tumekua pamoja tangu tukiwa wadogo. Baada ya mavuno Papa alianika mpunga wa mbegu juu ya mikeka mbele ya nyumba, akanipa kazi ya kuulinda. Siku ya mazoezi ya kwaya nilimwomba Zaina anishikie fimbo. Alikubali. Kisha akaenda kusukwa nywele, na mbuzi wakaja. Ule ambao hawakuula waliukanyaga na kuunyea. Papa alilazimika kwenda hadi Lusangi kwa rafiki yake kutafuta mbegu nyingine, katika matope haya.

Zaina hakusema pole. Alianza tu kuja kwetu kila asubuhi, anashika mchi, anatwanga pamoja na Mama, wanasimuliana na kucheka. Nilimwona hana haya. Akinisalimia nilimjibu neno moja, nikatazama pembeni.

Basi juzi, Alhamisi, alasiri, nilivaa kitenge safi, nikaomba, nikaenda kwao. Niliwakuta uani, Zaina, mama yake na shangazi zake, wanachambua mchele. Ningeweza kumwita Zaina kando. Sikufikiri hivyo, kwa kuwa tulifundishwa kwamba neno la kweli halijifichi. Nilisimama mbele yao wote nikasema: "Zaina, nimekuja kukusamehe kwa ajili ya mpunga wetu."

Mama yake akauliza: "Mupunga gani?"

Hakuwa anajua. Siku ya mbuzi alikuwa amekwenda Wamaza kwenye kilio, na aliporudi hakuna aliyemweleza, hata Mama yangu.

Shangazi mmoja akapiga makofi. "Ee! Mwenye kosa hajaomba samahani, na weye unamuletea mpaka nyumbani! Iko zawadi hiyo?" Mwingine akadakia: "Mumupe kiti, huyu sasa iko pasta." Wakacheka. Mama Zaina hakucheka. Aliniuliza polepole: "Laetitia, mama yako anajua umekuja huku?" Nikasema hapana. Zaina aliinuka, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Kabla jua halijazama, beseni la mpunga likafika kwetu kichwani mwa shangazi yule wa makofi. Mama akalirudisha mwenyewe. Likaletwa tena. Mama akalirudisha tena, safari hii na nanasi juu yake. Nadhani limebaki kwao. Lakini Zaina haji tena kutwanga.

Mama hakunipiga. Ningependa anipige. Alisema: "Ulifikiri mutoto wa watu anakuja kutwanga kwangu kwa sababu gani? Kwao hakuna kinu? Alikuwa anaomba samahani, na miye nilikuwa namupokea. Mambo yalikuwa yameisha. Weye umeyafufua."

Nikaenda kwa Mwalimu Octave. Yeye alifurahi. Alisema nimetii, na kwamba utii ndio mlango wa ukomavu. Kama wengine wamekasirika, mzigo huo ni wao. Nikamwambia kuwa Mama anasema vingine. Akajikuna shingo, akafikiri, kisha akasema Mama naye ni mtu wa Mungu. Nikarudi nyumbani na maneno mawili, na kila moja linalisukuma lingine.

Mama mdogo, nimechanganyikiwa. Kama nilitenda jema, kwa nini limeharibu? Na kama ni baya, mbona lilikuwa katika somo? Tena kuna jambo naogopa kuliandika. Pale uani, nilipokuwa nasema maneno yale, nilisikia utamu. Nilijiona mkubwa kuliko Zaina. Je, msamaha una utamu wa namna hiyo, ama nilikuwa nakula kitu kingine? Nimeomba nionyeshwe. Sijaonyeshwa bado.

Unajua pia kwamba kila anayebatizwa huchagua mtu wa kusimama ukingoni na kitenge kikavu, amfunike anapotoka majini. Mimi nilimchagua Zaina tangu mwaka jana, na wazee walikubali, wakasema kitenge hakina dini. Sasa nani atasimama pale? Mama alijitolea, nami nikashukuru, lakini usiku sikulala vizuri. Niliona ni afadhali nimwombe Mwalimu Octave anitoe katika kundi hili, ningoje mwaka mwingine, mpaka nitakapokuwa mtu anayestahili.

Leo asubuhi nimemkuta Zaina kwenye chemchemi. Tulikuwa wawili tu. Amejaza ndoo yake bila kunitazama, kisha akaniuliza:

"Weye, utaingia maji ama hautaingia?"

"Sijui."

"Ujue leo. Mwezi wa kufunga uko karibu. Siku ile nitakuwa na njaa na kiu, na pasta wenu mahubiri yake hayana mwisho. Nataka kuomba ruhusa kwa Mama mapema."

Nikamwuliza kama hasira yake imeisha.

"Haijaisha. Iko. Ulinivua nguo mbele ya shangazi zangu. Lakini kitenge niliahidi. Nitakuja, na hasira yangu nitakuja nayo."

Nilianza kulia. Akasema nisogee, nisimwagie machozi ndani ya ndoo yake. Ndipo nikamwomba radhi kwa sauti ndogo. Amejibu kwamba amesikia. Hakusema amenisamehe.

Nimemwambia nitaingia.

Sisi tulifundishwa kwamba hasira iishe kwanza, ndipo mtu aje. Zaina hakusoma somo letu, na anakuja kabla hasira yake haijaisha. Sijui nimweke wapi katika yale niliyojifunza. Barua hii itakapofika mikononi mwako, Jumapili ile itakuwa imepita, nami nitakuwa nimezamishwa na kuinuliwa, pamoja na kutoelewa kwangu. Nakuomba uniandikie jambo moja tu, na usinifiche: wewe, siku ulipoingia majini, ulikuwa umeelewa?

Mama anakusalimu sana, na Papa pia. Wote tunamsalimu Papa Élysée, na dada Faida kama bado anakaa kwenu. Umbusu Arlette kwenye mashavu yote mawili. Mungu aupoze mguu wako, aibariki meza yenu, na awalinde mnapotoka na mnapoingia.

Mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Laetitia