Vidole Vinavyobonyeza Kikwetu

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini u mzima, na wajukuu wamekuacha ukae chini usome. Mimi sijambo, na nimepata kazi. Usicheke.

Ofisi moja ya huku ugenini inayotengeneza programu ya kuandikia ilitafuta mtu aliyezoea kibodi ya kwetu, nami nikapewa wiki moja ya majaribio. Siku ya kwanza, kila nilipobonyeza ili kuhifadhi, programu ilijifunga na ukurasa ukapotea.

"Mzee, unabonyeza vibaya," akasema fundi wao, binti wa rika la mwanao.

"Mwanangu, vidole hivi vimepiga taipu hukumu za mahakama miaka ishirini. Hebu kaa wewe."

Akakaa, akaandika ukurasa mzima, akabonyeza. Ukapotea.

"Loo! Mzee, nisamehe!" Akacheka mpaka akajifuta machozi. Kumbe programu ilitazama mahali kitufe kilipo, haikujali herufi iliyo juu yake, na kitufe chetu cha kuhifadhi kimekaa pale walipoweka wao cha kufunga. Alirekebisha kwa siku mbili, nikimsimamia kama mama mkwe.

Kila ulipouliza kwa nini siji nyumbani, nilisingizia magoti. Kusema kweli niliona haya kurudi mtu mzima nisiye na shughuli, baada ya miaka yote hii.

Jana waliniambia nibaki. Kabla ya kutia sahihi niliuliza jambo moja tu: likizo ni siku ngapi? Ishirini na moja. Nitazimalizia zote kwako.

Kaka yako, ambaye leo anatafuta sanduku la safari