Transista Iliyopigwa Msasa

Jumatatu, 3 Machi
Oskiloskopu imekufa! Kioo kilitoa mstari mmoja wa kijani, ukayumba, ukapotea. Oskiloskopu huyu kanizidi umri, lakini karakana nzima inamtegemea. Bila yeye hatuoni mawimbi ya umeme, tunapapasa tu. Na Ijumaa fundi wa hospitali analeta mashine ya mapigo ya moyo. Nimemjibu alete, hakuna shida. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Natafuta kitabu cha matengenezo cha oskiloskopu. Kampuni iliyomtengeneza ilishafungwa. Mtandaoni kila mtu ana nusu — huyu jalada, yule maelezo ya vitufe. Mchoro wa ndani hakuna. Mume wangu anashauri nimtupe ninunue mpya. Nilimtolea macho. Akaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi
Siamini! Mzee mmoja wa ng'ambo, mkusanyaji wa vyombo chakavu, kapiga picha kurasa zote za kitabu kanitumia. Hata hakuuliza mimi ni nani. Machozi yamenitoka. Kwa mchoro, dalili zile ni za transista iliyoungua, kipuri kidogo cha kuongoza umeme, na namba yake ipo. Duka la vipuri walikuwa nayo, nimeinunua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua kuibadilisha. Iliyomo siyo ya kitabuni! Ni kubwa zaidi, na ina nyaya mbili ambazo mchoro hauzijui. Namba yake imepigwa msasa mpaka inang'aa.
Hiyo ni kazi ya Baba, fundi wa karakana hii kabla yangu. Kila kipuri alichobadilisha alikisugua namba, mafundi wenzake wasimwibie ujuzi. Nilikuwa nacheka naye. Lakini kwenye chombo chetu wenyewe? Alikuwa anamficha nani, mimi?
Kama alibadili njia ya umeme, transista ya kitabuni inaweza kuunguza kioo. Na kioo kile hakipatikani popote. Wa kujua ni yeye peke yake, naye kumbukumbu zinamtoka. Asubuhi kauliza mara tatu kama ameshakunywa chai.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemketisha karakanani, nikamwekea kiganjani transista ile iliyosuguliwa. Kavaa miwani, kaigeuza, kakunja uso.
"Nani kafanya uhuni huu? Unafutaje namba? Anayekuja nyuma yako atatengenezaje?"
Nikamwambia sijui, Baba.
Kisha kachukua chuma cha solda mwenyewe. Mkono hautetemeki hata kidogo! Kazing'oa chomboni zile nyaya mbili, kaichomelea transista ya kitabuni, kapuliza moshi kama zamani. Nilishindwa kumzuia. Alivyokuwa anafanya, ni mtu anayejua.
Fundi wa hospitali kashafika, kakaa na boksi lake mapajani. Baba kanikabidhi plagi.
"Washa, dada."
Dada! Dada yake alizikwa kabla mimi sijazaliwa; kama hata njia ya umeme aliyoibadili kaisahau, kioo kitaungua.
Nimemwambia anisubiri, kuna kitu naandika kwanza. Anatabasamu. Anasubiri.